Karatasi Kavu za Kadenge

Kiti cha Kadenge kina miaka kumi na tisa na bado ni kipya. Nalisema hilo mimi niliyekiagiza. Nilipoajiriwa kwenye maabara hii ya Mbaraki kukaa dirishani, kupokea sampuli na kuandika nani kaleta nini, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuagiza viti viwili, changu na chake. Changu kimeshonwa upya mara mbili na mguu mmoja umefungwa waya. Chake kingali na nailoni ya dukani kwenye egemeo. Mtu yule haketi. Hula wima, huandika wima, na akiitwa mkutanoni husimama mlangoni akigonga fremu kwa vidole, mpaka Oliver, meneja wetu, amwambie ama aache ama atoke. Yeye hutoka.

Mimi sina subira na watu wa namna hiyo. Nimelelewa Taita na mama aliyesema kwamba mtu asiyetulia kuna kitu amekificha. Miaka ya mwanzo nilimchunguza sana Kadenge nijue anaficha nini. Hakuwa na cha kuficha, ni damu yake tu haimpi ruhusa. Mkewe Mbeyu, mwalimu wa shule ya msingi, alinimalizia maneno siku moja tulipokutana Marikiti tukichagua maembe. "Naomi," akasema, "wewe wamwona mchana tu. Mimi niliolewa na feni." Wanakaa Ganjoni, ghorofa ya tatu, na jirani wa ghorofa ya pili amewahi kupanda ngazi kuulizia zile ndara zinazozunguka juu ya kichwa chake tangu alfajiri.

Kwao ni Kaloleni. Alikuja kisiwani Mombasa kusoma, akakaa kwa mjomba aliyekuwa akifanya kazi reli, na masomo yalipokatika akaingia hapa kuosha chupa. Chupa ndizo zilizomfundisha. Kila aliyempelekea chupa chafu aliulizwa ilikuwa na nini, na ukimjibu ovyo anakufuata nyuma mpaka umjibu sawasawa. Cheti cha ufundi wa maabara alikipata ana miaka thelathini na tatu, kwa masomo ya jioni. Shahada hana. Wamekuja hapa watu na shahada zao, akawafundisha kazi, wakaondoka kwenda kuwa wakubwa kwingine, naye akabaki na koti lake na vidole vyake. Desemba hii anatimiza sitini, na sitini hapa kwetu ni kwaheri.

Kitu cha kuachia maabara alikuwa nacho kimoja tu: njia yake ya kupima samaki. Njia hiyo ikipitishwa na wakaguzi, ingeandikwa kwenye kitabu cha maabara na jina lake chini yake, na wengine wangeifuata baada ya yeye kuondoka. Hilo ndilo alilolitaka. Sikuwahi kumsikia akitaka kingine.

Nitaieleza kama alivyonieleza mimi, nisiyejua kemia. Jodari na jamaa zake, wakivuliwa wakakosa barafu ya kutosha, huota ndani ya nyama yao kitu kiitwacho histamini. Hakina harufu, hakina ladha, na moto wa jiko haukiondoi. Mtu akila samaki huyo, saa haiishi uso umemwiva, ngozi inamwasha, kichwa kinampasuka. Mashine kubwa ya kupima jambo hilo sisi tulikuwa nayo, ikafa zamani. Sampuli zikawa zinakwenda Nairobi na majibu yanarudi baada ya wiki, na samaki, kama ujuavyo, hangoji wiki.

Kadenge aliokota gazeti la kisayansi la zamani kwenye stoo, nusu limeliwa na mchwa, akasoma nusu iliyobaki. Miaka sita akahangaika nayo. Alikuwa akishuka kwangu dirishani mara kumi kwa siku kunieleza, akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye benchi la wateja na kurudi, nami natamani kumfunga kamba.

"Naomi, histamini haionekani. Basi mimi naibandika kitu kinachoonekana. Kinaitwa dansili. Ni kama kumfunga kuku wako kitambaa mguuni, hata akichanganyika na wa jirani unamjua."

"Nimekuelewa. Simama."

"Ukiimulika kwa taa ya zambarau, dansili inawaka. Lakini na mafuta ya samaki yanawaka, na uchafu unawaka, kila mtu anawaka. Utamjua nani? Sasa mimi nazima taa. Wote hufa hapohapo. Lakini dansili yangu, nikiitia chumvi ya ayodini, nikaiweka juu ya karatasi ya kuchujia, nikaikausha kabisa, haifi papo hapo. Mwanga unabaki. Mdogo, chini ya kupepesa jicho. Chombo changu kinausoma huo unaobaki."

Zamani, aliniambia, mwanga wa namna hiyo uliwezekana tu kwenye baridi kali ya kugandisha hewa. Yeye aliupata mezani, kwenye joto la chumba, na tena chumba cha Mombasa ambacho feni yake inasukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine. Chombo chenyewe alikiunda kwa sanduku jeusi, taa, na kidirisha kinachofunguka taa inapozima. Ukikiona huwezi kukipa hata nafasi kwenye rafu.

"Na karatasi isipokuwa kavu?" nilimuuliza.

Hapo alisimama. Ni mara chache, kwa hivyo nakumbuka. "Unyevu ukiingia, unauzima mwanga. Basi. Hakuna kitu."

Sasa fikiria ni mji gani huu aliochagua kukaushia karatasi. Huku chumvi haitoki kwenye kichupa mpaka uichanganye na punje za mchele. Viatu vinaota ukungu kabatini, na sabuni hulia yenyewe. Kadenge alikuwa na mtungi wa kioo wenye punje za kunyonya unyevu, za buluu zikiwa nzima, zikichoka zinageuka waridi. Masika ya mwaka huu ziligeuka waridi Mei tarehe mbili na hazikurudi tena. Punje mpya ziliagizwa, zikawa zinakuja, zinakuja. Karatasi zikalowa. Chombo kikasoma sifuri kwa samaki mzima na sifuri kwa samaki aliyeoza. Kadenge akapanda na kushuka ngazi mpaka nikamwambia Oliver ama ampe kazi ya bandarini ama mimi nihame.

Mwisho wake alimwendea Bi Fadhiya. Bi Fadhiya ndiye anayetusafishia. Ni mtu wa Kibokoni, Mji wa Kale, mama wa heshima zake, buibui lake halina kunyanzi, na stoo ya chini iko mikononi mwake kuliko mikononi mwa Oliver. Nilikuwa nimeketi hapa hapa nikasikia kwa masikio yangu.

"Bi Fadhiya, shikamoo."

"Marahaba, baba. Wataka nini mbio mbio?"

"Boksi hili la karatasi. Niwekee mahali pakavu. Pakavu kabisa, tafadhali."

"Pakavu napajua," akasema Bi Fadhiya, akalipokea kwa mikono miwili.

Naye Kadenge alikuwa keshafika nusu ya ngazi. Hakuuliza ni wapi. Boksi likawa linashuka kila Alhamisi jioni na kupanda kila Ijumaa adhuhuri, na karatasi zikawa kavu kweli, zinalia zikikunjwa. Chombo kikafufuka. Mwanga ukabaki kuliko ulivyowahi kubaki. Nilidhani sasa mtu atatulia. Wapi! Furaha ilimzidisha. Akaandika barua kwa wakaguzi, wakajibu kwamba watakuja Septemba kuitazama njia yake.

Kati ya Mei na Septemba alipima samaki mara arobaini na moja. Aliwakataa watatu. Wenye samaki wa kwanza na wa pili walikubali, wakaguna na kwenda zao. Wa tatu alikuwa Eddah.

Eddah ni mwenyeji wa Kisumu aliyehamia hapa na mume wake wa bandarini, mume akafa, yeye akabaki. Hununua jodari kwa wavuvi na kuwapelekea wasichana wa shule moja ya bweni. Shule inataka cheti chetu kila mara, naye kila Ijumaa baada ya saa sita alikuwa akija dirishani na kipande chake kwenye barafu. Barafu yake ni nyingi kuliko samaki wenyewe. Mimi nikimwona tu najua huyu si mtu wa kupoza samaki kwa maneno.

Ijumaa ya kwanza ya Septemba, Kadenge alimkataa. Alirudia kipimo alasiri ileile, akapata kilekile. Shule ikapigiwa simu. Jumamosi jioni, Marikiti yote ilikuwa ikijua kwamba samaki wa Eddah ana sumu, na Jumapili kanisani, aliniambia baadaye, mwanamke wa mbele yake alisogeza mtoto.

Jumatatu alikuja dirishani bila kipande chochote.

"Dada Naomi, ile nusu nyingine ya samaki yule tulikula nyumbani Ijumaa. Mimi na watoto wangu. Hakuna aliyejikuna."

Kadenge alikuwa nyuma yangu, akizungusha funguo kwenye kidole. "Mama, pole," akasema. "Lakini karatasi haina undugu na mtu. Pengine mlikula kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Robo kilo ingetosha kumwonyesha mtu."

Eddah akaenda zake. Kadenge alibaki akizungusha funguo. Akaniuliza kama mimi ningemwamini mwanamke yule au chombo. Nikamwambia mimi ni karani, naamini saa ya ukutani. Alichukia, akapanda juu.

Jumanne saa tatu asubuhi, siku moja kabla ya wakaguzi, Eddah aliingia na hotpoti. Akaketi kwenye benchi la wateja, akafungua. Jodari wa kupaka nazi, na ugali pembeni.

"Mwite," akaniambia.

Nikamwita. Kadenge akashuka ngazi mbili mbili.

"Huyu ndiye yule yule," Eddah akasema. "Upande wa mkia hatukuumaliza, ulibaki kwenye friza yangu. Robo kilo nimeipima mbele ya muuza nyama. Huwa unasema moto hauondoi sumu yake, sivyo?"

"Hauondoi."

"Na saa moja inatosha?"

"Inatosha. Mama, usifanye hivyo. Eddah! Naomi, mwambie."

Nimwambie nini? Alikuwa keshamega tonge. Alikula taratibu, mpaka ukoko wa nazi akaufuta kwa ugali. Akanawa kwa maji ya chupa, akafunga hotpoti, akaweka mikono mapajani.

"Tazama saa," akaniambia. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na nne.

Sijawahi kukaa saa ndefu kama ile, na nimezaa mara tatu. Kadenge alitembea. Mlangoni, benchini, mlangoni, benchini. Kila akifika benchini aliinama kumwangalia uso. Saa tatu unusu akamuuliza kama kichwa kinamgonga. Eddah akasema kinagonga kwa sababu wewe unatembea. Bi Fadhiya alisimama na ufagio wake kwenye korido akisoma kitu kimoyomoyo. Oliver alichungulia, akaona ni jambo lisilo na fomu, akarudi ofisini kwake. Mimi nilikuwa na namba ya gari la wagonjwa kwenye simu, kidole juu yake.

Saa nne na dakika kumi na nne Eddah alikunja mikono ya gauni lake na kumwonyesha Kadenge ngozi. Safi. Alingoja na nusu saa nyingine, ya nyongeza, kwa kiburi. Halafu akasimama.

"Mimi nimepima kwa mwili wangu," akasema. "Wewe umepima kwa karatasi. Nipe jina langu."

Akatoka na hotpoti yake.

Kadenge alipanda juu, na kuanzia hapo mpaka alasiri nilisikia nyayo zake juu ya dari yangu. Baadaye aliniambia alivyokwenda: aliipima chumvi, iko sawa. Akapima dansili, iko sawa. Taa sawa, maji sawa. Ikabaki karatasi, nayo asingeishuku, kwa sababu kila kipimo alikilinganisha na karatasi tupu ya boksi lilelile, kama inavyotakiwa. Ila ana mazoea yake. Karatasi ya sampuli huichukua juu ya rundo. Ile tupu huichomoa chini kabisa, ili asivuruge rundo. Miaka sita amefanya hivyo bila kujua kwamba anafanya hivyo. Siku ile, kwa kuchoka, akachukua tupu ya juu. Akaimulika peke yake, bila samaki, bila dansili, chumvi tu. Akazima taa. Chombo kikasoma kama kuna jodari aliyekaa juani siku mbili.

Alishuka na karatasi ile mkononi, akainyoosha hadi puani pangu.

"Naomi, pua yako nzima? Yangu iliuawa na asetoni zamani. Nusa."

Sikuhitaji kuisogelea. "Udi," nikasema.

Na hapo nikaona haya, tena haya ya kweli. Kila Ijumaa adhuhuri boksi lile lilipita mbele ya dirisha langu likinukia harusi, na mimi nikalivuta pumzi nikafurahi. Sikusema. Nilidhani ni buibui la Bi Fadhiya.

Tulikwenda stoo pamoja. Bi Fadhiya alituonyesha bila wasiwasi wowote, tena kwa fahari. Kwenye kona, mbali na chupa, kulikuwa na chetezo chake cha udongo, na juu yake lile tenga la ukindu ambalo watu wa Mji wa Kale huliinamisha juu ya moshi ili nguo zitandazwe hapo zikauke na kunukia. Ijumaa asubuhi huwasha, kwa sababu Ijumaa, alisema, haifai nyumba ya watu kunuka shombo. Na juu ya tenga, mahali pa nguo, alikuwa akiweka boksi la Kadenge, limefunguliwa kifuniko.

"Bi Fadhiya," Kadenge akasema, na sauti ilikuwa imempanda, "umenifukizia karatasi?"

"Si wewe ulonambia pakavu? Mimi nimezaliwa Kibokoni, baba. Nguo za harusi za nyumba yetu nimezikausha mimi na mamangu. Hakuna pakavu kushinda juu ya chetezo. Nguo ikishuka hapo haina hata tone." Kisha akamwona uso. "Kwani kuna nini? Nilitia udi mzuri. Si ule wa dukani. Ule wangu mwenyewe, wa kuwekea Idi."

Kadenge alifungua mdomo. Nilimjua, ningesema sasa anapasuka. Mikono yake ilipanda juu ikashuka. Moshi wowote, alinieleza baadaye, una masizi madogo madogo ambayo nayo hubaki na mwanga taa ikizima, hasa ukiyatia chumvi ile yake. Karatasi za juu zilikunywa moshi, za chini hazikufikiwa. Ijumaa nyingi moshi ulikuwa mwepesi mno kumharibia mtu samaki; ile ya Eddah ulikuwa mzito, naye alikuja ungali mbichi. Lakini pale stoo hakusema hayo. Aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

"Ahsante kwa udi," akasema. "Kosa ni langu. Sikuuliza wapi."

Bi Fadhiya alielewa kwamba kuna kitu kimeharibika, akaanza kulia polepole akijifuta kwa buibui lake, na Kadenge akatoka kwa sababu hawezi kusimama mahali mtu analia.

Nilimfuata mpaka kwa Oliver. Oliver si mtu mbaya. Ni mtu wa karatasi nyingi na usingizi mchache. Alisikiliza yote, akashusha pumzi.

"Una boksi jipya?"

"Ninalo moja, limefungwa. Na punje mpya zimefika jana."

"Basi hilo hilo. Kesho wakaguzi watakuta karatasi safi, chombo kinasoma vizuri, njia inapita. Eddah tutampimia tena wiki ijayo, atapata cheti chake, kwisha. Ya nyuma tuyaache. Yaliyopita si ndwele, bwana, tugange yajayo."

"Ndwele ndiyo hiyo tusiyoiganga," Kadenge akasema. "Watatu nimewakataa. Nikimpimia tena akapita, watu watasema safari hii kaleta mzima. Ile ya kwanza itabaki sumu."

"Kadenge. Ukiwaambia wataizuia. Watataka uirudie mwaka mzima, masika na kiangazi. Wewe una miezi mitatu."

"Najua nina miezi mingapi."

"Na Bi Fadhiya nitalazimika kumwandikia barua."

"Utaniandikia mimi. Ni mimi niliyemwagiza." Alikuwa akigonga fremu ya mlango, kwa nguvu, na Oliver safari hii hakumwambia aache.

Sikumshauri kitu. Kusema kweli nilitaka anyamaze. Nilimtaka aandikwe kwenye kile kitabu, aende zake Ganjoni na jina lake. Miaka kumi na tisa ananikera mtu yule, na sikutaka aondoke mikono mitupu. Niliona aibu kutaka hivyo huku Eddah amekula robo kilo mbele yangu, lakini nilitaka.

Wakaguzi walikuja Jumatano, wawili, mwanamke mwenye miwani ya kamba na kijana wa kuandika. Oliver aliwapa chai. Kadenge aliwaongoza juu, akafungua boksi jipya, akawafanyia kipimo kimoja, na kilikuwa kipimo cha kupendeza. Samaki aliyeoza mwanga ulibaki, samaki mzima mwanga haukubaki. Yule mwanamke alitabasamu. Mimi nilikuwa nimepanda na rejista, kwa kisingizio.

"Hongera," akasema. "Tunaipitisha."

"Bado," Kadenge akasema. Akatoa kwenye droo boksi la zamani, akaliweka mezani mbele yake. "Hili ndilo nililotumia tangu Mei. Karatasi ya juu tafadhali. Ipime tupu."

Akaipima yule mwanamke mwenyewe. Kisha akavua miwani. Kadenge alimweleza kila kitu, amesimama, mikono nyuma, na vidole nyuma ya mgongo wake vilikuwa vikikimbia. Alitaja pakavu. Alitaja chetezo. Alitaja zoea lake la kuchomoa chini. Bi Fadhiya hakumtaja kwa jina, alisema, "nililiweka juu ya moshi bila kujua." Halafu akaomba kwamba kwenye ripoti yaandikwe majina ya wale watatu, na kwamba samaki wao hawakuwa na kosa lililothibitishwa, na kwamba nakala ipelekwe kwenye ile shule.

Waliandika yote. Waliizuia njia, kama Oliver alivyosema. Irudiwe miezi kumi na miwili na fundi atakayekuwapo.

"Wewe utakuwapo?" yule mwanamke akamuuliza.

"Sitakuwapo."

Alhamisi barua ilifika shuleni. Ijumaa, baada ya saa sita, Eddah alikuja dirishani na kipande chake kwenye barafu, cha kwenda Nairobi, na hotpoti mkononi. Hakuniuliza kama Kadenge yupo. Zilikuwa zikisikika nyayo juu ya dari.

Aliposhuka, Eddah alifungua hotpoti kwenye benchi.

"Nimesikia umefanya nini," akasema. "Njoo ule."

Watu wa maabara yetu hawali jodari. Tumeona mengi mno. Kadenge alisogea, akamega tonge akiwa wima, kama kawaida yake.

"Hapana," Eddah akasema. "Samaki wangu haliwi na mtu anayekwenda zake. Keti."

Nilipanda juu mimi mwenyewe, na miaka yangu hii, nikakishusha kile kiti. Nikakiweka mbele yake. Alikitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Kisha akaketi, nailoni ya egemeo ikalia mgongoni mwake, na Bi Fadhiya aliyekuwa koridoni akaacha kufagia.

Alikula. Eddah alikula pamoja naye. Mimi nikajikuta natazama saa ya ukutani, na sikuwa na haja. Dakika ya kumi hivi, uso wa Kadenge ulianza kuiva. Ukaiva kabisa, mpaka masikioni, na macho yakajaa machozi. Eddah aliacha tonge hewani.

"Bwana Kadenge?"

"Si samaki," akasema. "Samaki ni mzima."

Akamega tonge jingine.